Chai ya Kibokoni isiyo na kibao: nyota nne, na kisa cha ile ya tano

Kikombe cha kwanza nilichopewa pale kilikuwa na viputo saba. Nilivihesabu kwa mazoea ya kazi, ingawa jirani yangu wa benchi alidhani natafuta bahati. "Yakhe, hizo ni pesa," akaniambia, "zinywe kabla hazijafika ukingoni," na kijiko chake akanisogezea. Nikamshukuru, nikaviacha viputo vyenyewe viende vinakotaka. Vilijivuta taratibu mpaka kwenye ukingo wa kikombe, vikajipanga pale kama madau yaliyofunga gati, kisha vikapasuka kimoja baada ya kingine. Hamri la kwanza halijaisha mkononi, uso wa chai umekwisha kuwa mtupu. Hapo nikajua kikombe hakina mafuta wala sabuni, na kwa habari ya sabuni mimi nina machungu yangu.

Mahali nilipokuwa nikinywa chai zamani sipataji. Ni karibu na kwangu, bei ilikuwa nafuu, na mwenyewe twasalimiana vizuri mpaka leo. Lakini asubuhi moja nililetewa chai ya rangi yenye povu la kuzunguka kikombe kizima, jeupe, zito, lisilotaka kuondoka. Nikangoja. Chai ikapoa, povu bado limekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: sabuni ya unga. Nikamwita kijana, nikamwomba achukue kikombe kingine kutoka beseni lile lile anitilie maji moto matupu, bila majani. Povu likapanda vile vile. "Ami, hiyo ni baraka," akacheka. Maji matupu hayashiki povu, mwanangu. Ukiyamimina kwa nguvu yatatoa viputo, na viputo vitakufa papo hapo. Vikidumu, ndani ya maji mna kitu. Nikalipa chai nisiyoinywa, nikaondoka, na wiki mbili nzima nikanywa chai ya nyumbani mpaka mke wangu akachoka kuniona jikoni. Ni yeye aliyesema nitafute pengine.

Kibanda ninachokisifu leo hakina kibao wala jina. Ukitoka Fort Jesus ukaingia Mji wa Kale wa Mombasa, ukashika vichochoro vya upande wa Kibokoni, utakisikia kwa pua kabla ya kukiona: iliki, na mafuta ya mahamri. Ni chumba kimoja cha chini cha nyumba ya zamani, na baraza ya saruji nje, benchi mbili za mbao, jiko la mkaa lenye sufuria kubwa mbili na birika la bati lililopigika ubavuni. Hufungua baada ya swala ya alfajiri hadi kama saa nne, kisha hufungua tena baada ya alasiri mpaka isha. Mama ndiye mwenye mali na mwenye mahamri. Mwanawe ndiye wa birika. Usiulize menyu. Kuna chai ya maziwa, kuna chai ya rangi, ambayo wateja wengine huiita turungi, kuna mahamri na mbaazi, na jioni kuna viazi karai. Basi.

Afadhali niseme mapema kwa nini napima kikombe kwa jicho namna hii, usije ukadhani nimechanganyikiwa. Nilifanya kazi miaka 26 kwenye chumba cha kuonjea chai, hapa hapa Mombasa, kwa madalali wa mnada. Mnada wenyewe ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia huku mwaka 1969, na chai inayopita hapo si ya Kenya peke yake: kuna ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, ya Tanzania, ya Malawi, na nyinginezo. Mimi sikuwa mwonjaji. Mimi nilikuwa mpimaji, mmiminaji na mwosha vikombe. Vikombe vyeupe vya kaure vyenye vifuniko, safu ndefu kama ya magunia gatini, kila kimoja na bakuli lake mbele yake. Kipimo cha kimataifa kinasema gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika 6. Waandishi wa kipimo cha Waingereza kilichozaa hicho waliandika kurasa sita nzima kueleza jinsi ya kupika chai, na mwaka 1999 wakapewa Ig Nobel ya fasihi, ile tuzo ya kuchekesha. Wazee waliotutangulia hawakuhitaji kurasa sita. Walipima majani kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, yenye uzito wa kama gramu 2.8, wakatazama saa ya ukutani, chai ikawa chai.

Katika miaka yote ile sikumwona mwonjaji hata mmoja akiandika neno juu ya povu. Waliangalia majani makavu, waliangalia majani yaliyolowa, waliangalia rangi ya chai bakulini, wakavuta kijiko kizima kwa mlio wa kuchana kitambaa, wakatema kwenye kopo, wakasogea kikombe kinachofuata. Povu lilikuwa halina alama. Nilibaki nalo mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemimina na mimi ndiye niliyemwaga. Nikaona kwamba chai ile iliyosagwa na kukunjwa kwa mashine, hasa ya punje ndogo na ya vumbi, inachemka povu ukiitia maji tu, na ile ya majani makubwa haina makeke. Nikaona pia kwamba birika likiachwa linachemka kwa muda mrefu, viputo hupungua, na wakubwa walikuwa wakali: maji yatoke motoni yakiwa yamechemka sasa hivi, yasiwe maji yaliyochoka.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza mtu mzima, mshahara wake ungenijengea nyumba. Huyo, akimaliza kazi, alijitengenezea kikombe chake cha kunywa, na akiona viputo alivichota kwa kijiko upesi upesi na kuvimeza kabla havijagusa ukingo. Kwao, alinieleza, ndiyo pesa hizo, na ukichelewa zimepita. Kijiti cha jani kikielea, mgeni anakuja. Nilidhani ananitania, kumbe ni imani ya zamani huko Uingereza na Ireland, na bibi wa watu walifundishwa na bibi zao. Wajapani nao wana yao: kijiti cha chai kikisimama wima kikombeni, siku hiyo ni ya heri, na wapo wanaosema usimwambie mtu. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kumwona Mwingereza huyo wala Mjapani, lakini naye alikuwa na lake: viputo vikikusanyika katikati, mgeni yuko njiani. Nyumba ya bibi haikukatika wageni, kwa hiyo hakuna siku aliyokosea.

Basi turudi benchini. Safari ya tatu au ya nne, kijana wa birika aliniuliza. Alikuwa amenisikia nikibishana na jirani yangu wa pesa. "Ami, kama si pesa, ni nini?" Nikamwambia lete gilasi mbili na maji.

Maji, kabla hujayachemsha, yana hewa ndani yake, imeyeyuka kama sukari ilivyoyeyuka, ila huioni. Yakipata moto hewa hiyo hukosa nafasi, hutoka. Vile viputo vidogo unavyoviona vimeganda ubavuni mwa sufuria hata kabla ya maji kuchemka si mvuke, ni hewa inayohama. Sasa tia majani. Jani kavu limejaa vijitundu na kila kijitundu kimeshika hewa yake, maji yakiingia hewa inafukuzwa, inapanda juu. Halafu mimina kwa mbali, na mkondo wa chai unaposhuka unaburuta hewa nyingine na kuizamisha. Hewa hizo tatu zote mwisho wake ni juu. Lakini hayo peke yake yangekufa haraka, kama maji ya bomba yanavyofanya kwenye ndoo. Kinachovishika viputo vya chai ni kwamba jani la chai lina vitu vya jamii ya sabuni. Wataalamu huviita saponini, na neno lenyewe limetoka kwenye jina la sabuni la Kilatini. Kila chembe ya saponini ina upande unaopenda maji na upande unaoyachukia, kwa hiyo hukimbilia kusimama pale maji yanapokutana na hewa, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Zikijipanga hivyo kwenye ngozi ya kiputo, ngozi hiyo inakuwa na subira. Haipasuki mara moja. Ni povu la kweli, lakini jepesi, la dakika, si la kungoja chai ipoe.

"Kwa hiyo chai ni sabuni," akasema kijana, na mama yake akamkemea kutoka kwenye karai, eti asiwatie wateja kinyaa.

Jambo la ukingo ndilo lililompendeza zaidi, nami pia hunipendeza kila nikilifanya. Nilitia chai gilasi ya kwanza mpaka robo tatu. Ukitazama kwa ubavu, utaona chai haikulala sawasawa: pale inapogusa kioo imepanda kidogo, imejivuta juu ya ukuta. Kiputo ni chepesi, kinatafuta pa juu siku zote, na pa juu ni ukutani. Ndiyo maana kinakwenda huko, na ndiyo maana hakiendi upesi kama ukuta una mafuta, kwa sababu kioo chenye mafuta hakivuti maji. Gilasi ya pili nilimwambia aijaze mpaka ivuke mdomo, ile hali ya kutetemeka bila kumwagika. Sasa uso wa chai umevimba katikati na kuteremka pembeni. Tukatia viputo kwa kijiko. Vyote vikakusanyika katikati, havitaki ukingo hata ukivisukuma. Viputo viwili vikikaribiana navyo huvutana vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kinainua maji kidogo kandokando yake, na jirani anapanda kile kijilima. Wataalamu wawili wa hesabu, Dominic Vella na L. Mahadevan, waliliandika hili mwaka 2005 wakitumia mfano wa nafaka za kiamsha kinywa zinazogandana kwenye bakuli la maziwa. Benchi letu lilitumia gilasi za chai na gharama ilikuwa shilingi 50.

Na bado liko la sukari. Ukikoroga, chai inazunguka na katikati panazama, na vitu vyepesi vinavutwa kwenye kitovu cha mzunguko. Kwa hiyo bibi yangu, aliyekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na kuikoroga kama anayesaga, ni lazima angewaona wageni katikati kila siku. Nilipomweleza jirani yangu wa pesa haya yote, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akavichota viputo vyangu akavinywa yeye.

Kuna watu walienda mbali zaidi. Huko Ulaya na Marekani walikuwapo waliosoma mvua kwenye kikombe cha kahawa: viputo vikienda ukingoni hivi, katikati vile. Mimi sibishani na mtu juu ya mvua, nasema tu kwamba nimeonyesha hapo juu jinsi ya kuipata hali ya hewa unayoitaka kwa kuongeza chai kidogo kwenye gilasi.

Chai yenyewe sasa. Ya rangi pale ni ya majani ya punje ndogo, haichemshwi pamoja na maji mpaka ikafa. Maji yanachemka, majani yanaingia, sufuria inaondolewa motoni, inafunikwa. Rangi yake ni ya shaba, si ya lami. Tangawizi hupondwa wakati huo huo, si ya unga, na unaisikia kooni baada ya kumeza, mahali pake hasa. Ningetaka ikae dakika moja zaidi, lakini hilo ni jicho la mnada, mnywaji wa kawaida hatalalamika.

Chai ya maziwa ndiyo inayowaleta watu kutoka mbali. Kijana hushika birika mkono mmoja na jagi mkono mwingine, akamimina kutoka juu ya kichwa mpaka kiunoni, mara tano, mara sita, bila kumwaga tone. Wengine wanadhani ni mbwembwe za kuvutia wateja, na mbwembwe zimo, lakini chai inapoa kufikia moto wa kunyweka na inapata povu la kahawia lenye viputo vidogo vidogo mno, karibu laini kama siagi. Povu la maziwa ni jambo jingine: hapo protini za maziwa ndizo zinazojenga ngozi ya kiputo, na zina nguvu kuliko saponini ya jani. Hizo hizo ndizo zinazofanya maziwa yafurike jikoni ukigeuka kidogo tu, kwa sababu utando unajifunga juu na mvuke unakosa mlango mpaka unaubeba wote. China ya enzi ya Song, kama miaka 900 iliyopita, watu walikuwa wakishindana kuipiga chai ya unga kwa upekecho wa mianzi, na mshindi ni ambaye povu lake ni jeupe na linadumu zaidi. Kijana huyu angewapa shida, ingawa wao hawakutia maziwa.

Nimemwona pia akifanya jambo moja la akili ambalo hoteli kubwa hulikosea. Tangawizi mbichi haitii kwenye maziwa yaliyo vuguvugu. Huichemsha kwanza na maji na majani, ndipo maziwa yaje. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kikipata moto wa kutosha kinakufa. Ukikosea mpangilio unapata chai yenye vipande kama mtindi, kisha unalaumu maziwa. Iliki huivunja kwa kisu cha mahamri, anaitia na maganda yake. Sukari inakuja imo ndani tayari, na ni nyingi. Ukitaka kidogo, sema mapema, kabla hajatia kwenye sufuria, maana baadaye ni huzuni.

Mahamri ya mama: ya nazi, yana iliki, yamevimba yakawa na chumba ndani, hayanywi mafuta. Karibu hayanywi. Jaribio langu ni hili: chovya hamri kwenye chai ya maziwa na utazame povu. Mafuta ni adui wa povu, tone dogo likisambaa juu ya uso linaichana ngozi ya viputo kama kisu. Hamri la mahali pabaya linasafisha kikombe kizima kwa mchovyo mmoja. Hamri la mama linafungua uwazi wa ukubwa wa sarafu, povu jingine linabaki. Hicho ni cheti bora kuliko cha ukutani. Mbaazi ni nzuri, tui zito, pilipili kidogo, sina la kuongeza. Viazi karai vya jioni nimekula mara moja tu. Vilikuwa vya moto.

Sasa nyota ya tano.

Mombasa ni mji wa maji ya taabu, na kila mkaazi anajua. Bomba likitoka, maji ya chemchemi za Mzima au ya kwingineko yanafika, ni matamu, chai inakuwa kama nilivyosema. Bomba likikauka, ndipo mkokoteni unapopita na madumu yake ya lita 20, na humo ndani yamo maji ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yaliyopita humo yamebeba chokaa yake, ndiyo yale ambayo sabuni ya kipande inakataa kutoa povu, na birika linaota magamba meupe ndani. Siku hizo chai ya rangi ya kibandani inapoteza viputo vyake vizuri na badala yake inavaa utando. Si malai, malai ni ya maziwa. Huu ni ngozi nyembamba yenye mng'ao kama wa mafuta ya taa juu ya dimbwi, ukiisukuma kwa kijiko inapasuka vipande vipande kama barafu, inabakisha mstari wa kahawia kikombeni ambao hautoki kwa maji peke yake. Nimeosha mistari hiyo miaka 26, naijua.

Watu wengi hudhani utando huo ni nta ya jani, au uchafu. Wenye kuutafiti walikuwa Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, pale Imperial College, London, mji wenye maji ya chokaa kama sisi, na majibu yao yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1993. Jaganyi baadaye alikuja kuwa makamu chansela wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kwa hiyo swali hili la kikombe si la Wazungu peke yao. Walionyesha kwamba utando unahitaji chokaa na bikaboneti ndani ya maji, na hewa juu yake: vitu vya chai vinavyotupa rangi na ukali vinaungana na oksijeni pale juu, chokaa ikiwa kiungo, vinakuwa ngozi. Maji yasiyo na chokaa hayatoi utando. Na ukiyatia maji ukali wa ndimu, utando hautokei.

Nilimwambia kijana. Siku ya mkokoteni tukajaribu: vikombe viwili vya chai ya rangi kutoka sufuria moja, kimoja na ndimu iliyokamuliwa, kimoja bila. Kile cha ndimu kikabaki kisafi, rangi ikageuka ya asali. Kile kingine kikavaa ngozi yake kabla hatujamaliza kusalimiana na wapitao. Tangu siku hiyo kuna bakuli la ndimu zilizokatwa pale mezani, bure. Lakini kwa chai ya maziwa ndimu haifai, itayakata maziwa, kwa hiyo siku ya mkokoteni chai ya maziwa inabaki na ladha ya mbali ya chaki na povu lake halisimami vizuri. Mama anasema tangi la lita 1,000 analiwekea akiba. Nikiliona juu ya paa, nitarudi hapa niongeze nyota. Kwa sasa, ukiona mkokoteni umesimama mlangoni, agiza turungi na ndimu, au ngoja kesho.

La vikombe nimelisema, lakini nilirudie kwa sababu ndilo lililonileta: wana mabeseni matatu. La kwanza la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la maji moto. Niliwatazama wiki mbili kama askari kanzu kabla sijaamini. Hawaruki la tatu hata foleni ikifika barabarani.

Malalamiko madogo: benchi ya kulia ina mguu mfupi, usiweke gilasi iliyojaa. Redio iko juu sana wakati wa mpira. Na hawana pa kukaa wanawake wakiwa na watoto, ingawa mama huwafungulia ndani ukimwambia.

Bei nilipoanza kwenda ilikuwa shilingi 25 kwa chai ya maziwa, 15 kwa ya rangi, hamri 10. Jumamosi iliyopita nilikwenda mapema, bomba lilikuwa limetoka usiku kucha, na chai yangu ikaja na viputo vingi kuliko nilivyowahi kuona pale, labda kumi na mbili, vinang'aa. Jirani yangu hakuwapo. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikachukua kijiko. Nilivipata tisa kabla havijafika ukingoni. Jumatatu nikarudi, nikakuta karatasi mpya imebandikwa ukutani kwa mkono wa kijana: chai ya maziwa sasa ni shilingi 30.